Ukuta wa Udongo Chini ya Treni ya Kasi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameruhusiwa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri, ahsanteni sana. Lakini kilichonifanya nishike kalamu si saa. Ni swali alilonitupia Neema, yule aliyerithi meza yangu, tukiwa tunakula pilau.

"Mama, kile kivuko cha ng'ombe cha ng'ambo ya Gulwe, nani aliweka udongo mle ndani? Unatia aibu. Tunataka kuubomoa kabla ya mvua, libaki zege safi."

Nilikuwa na mfupa mdomoni. Nilipoutoa, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye soda. Basi nakujibu sasa, Neema, na wenzako wasome. Tena nawaomba msiguse ule ukuta mpaka mmalize kusoma, na kwa kuwa nimeshakuwa mstaafu, jibu langu litaanzia mbali.

Nilizaliwa Majengo, hapa Dodoma mjini, nyuma ya vibanda vya nafaka ambako mama yangu aliuza karanga na uwele. Ng'ombe nilimjua kwenye supu. Nilipomaliza chuo cha ufundi nikapangiwa reli ya zamani, kituo cha Gulwe, upande wa makalvati na madaraja madogo. Nilifika na viatu vipya vyeusi, masika yameshika kweli kweli. Mto ulikuwa umekula tuta, mataruma yananing'inia hewani na reli zake, na mtu angeweza kuanika nguo. Msimamizi wa genge alikuwa mzee mmoja mfupi, Mzee Salehe. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti. Umekuja na viatu vingine?"

Sikuwa navyo. Alinipa gambuti za marehemu mwenzake, kubwa kama ndoo, akanipeleka moja kwa moja kwenye kalvati lililoziba. Akaniambia niingie. Nikaingia kwa magoti mpaka katikati, nikatoka kinyumenyume.

"Umeona nini?"

"Giza, mzee."

"Umeona giza kwa sababu umeingia ukiwa mtu. Kalvati halikujengewa watu. Ingia tena, safari hii uwe maji."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Lakini nilipoingia mara ya pili nikijiuliza, mimi kama maji ningetaka kupita wapi, niliona vitu ambavyo mara ya kwanza sikuviona: gogo lililolala kimshazari, mchanga uliojikusanya nyuma yake, na ufa pembeni ambako maji yalikuwa yameanza kujitafutia njia yao wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi watu wa makalvati maisha yetu yote ni ya mvunguni. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata siku ya kwanza, na nyingine zote zilizofuata zilikuwa za kuongezea.

Mzee Salehe alitumia vifaa vitatu: futikamba, tochi na nyundo ndogo. Nyundo hakuitumia kuvunja. Aligonga zege na kutega sikio, kwa maana zege zima lina sauti yake na lililooza ndani lina yake. Alinigongesha kuta za makalvati ya Gulwe mpaka nikawa nazigonga hata kuta za nyumbani. Mume wangu alikuwa akiniuliza kama kuna mtu namtafuta. Mzee alipostaafu aliniachia ile nyundo, na nyinyi mmeikuta kwenye droo ya chini, msiitumie kupigilia misumari.

Kisha ikaja reli mpya, ya treni ya kasi, na mimi nikahamishiwa huko pamoja na nyundo yangu. Niseme ukweli, nilikuwa na hamu nayo kama mtoto. Reli ya zamani ilikuwa na tabia ya upole: ikikuta kilima inakizunguka, ikikuta ng'ombe inapiga honi na kungoja. Ya kasi haijui kungoja. Haipendi kona, haipendi mpando, na ikishashika mwendo haisimami hapo hapo kwa sababu umeinyooshea mkono. Kwa hiyo unainyooshea njia, unapandisha tuta refu, unatoboa mlima, na mwisho unaweka uzio pande zote mbili, kutoka mji hadi mji. Ukimaliza unagundua kwamba umeikata nchi vipande viwili.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Kila kitu kilichokuwa kikivuka nchi hii kabla ya treni bado kina haja ya kuvuka: maji, watu, mbuzi, fisi, na bibi anayekwenda kanisani. Kila kimoja kinataka tundu lake. Wataalamu waliotoka ng'ambo walikuwa hodari sana, sina la kuwapunguzia, ila mmoja wao aliwahi kusimama katikati ya korongo la mchanga mkavu akaniuliza mto uliochorwa kwenye ramani uko wapi. Nikamwambia amesimama juu yake. Alicheka. Masika yalipofika alikuja tena kuutazama, akaukuta umejaa ukingo hadi ukingo, akakaa akiutazama mpaka chakula chake kikapoa.

Kuhusu udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mtasoma kwenye vitabu vyenu. Nataka niwafikishe kwenye kivuko.

Mbele kidogo ya Gulwe, upande wa kaskazini wa tuta, kuna familia ya mtu anayeitwa Yoeli Ndahani. Malisho yako kwake kaskazini. Maji ya kiangazi yako kusini, kwenye visima vinavyochimbwa mchangani ndani ya korongo. Tuta letu likapita katikati. Tulimjengea kivuko chini ya reli, boksi la zege pana, refu la kutosha, na kwa macho yangu lilikuwa zuri. Uzio ulikuwa bado haujafungwa sehemu ile. Ungefungwa treni za majaribio zikianza, na hapo njia ya Yoeli ingekuwa ni ile moja tu. Ng'ombe wake wakikataa kupita, ama awahamishe wote na kuacha kwao, ama siku moja kiu imshinde akate uzio. Akikata uzio, ng'ombe yuko relini na treni yenye abiria inakuja. Kusema kwamba kivuko kinapitika ilikuwa kazi yangu, na bila neno langu uzio usingefungwa, na bila uzio treni ya abiria isingepita.

Tukamwita alete ng'ombe tuone. Yoeli ni mtu mrefu, mkimya, Kiswahili chake anakitoa polepole. Nikamsabahi kwa kile Kigogo changu cha sokoni, "Mbukwa," akaniitikia kwa heshima na kutabasamu upande mmoja. Mbele ya kundi alikuwa jike mwekundu mwenye kengele kubwa shingoni, na kundi zima lilikwenda nyuma ya kengele ile. Nikauliza jina lake.

"Huyu ni Diwani."

"Kwa nini Diwani?"

"Anatangulia mbele siku zote, na hatuulizi anatupeleka wapi."

Diwani akateremka mpaka mdomoni mwa kivuko. Akaingiza kichwa. Akapiga hatua chache ndani, akasimama. Tukangoja. Hakurudi nyuma kwa hofu, hakuchachamaa, alisimama tu na masikio mbele. Yoeli akapiga mluzi, hakuna kitu. Wale wa nyuma wakaanza kusukumana, kundi likavurugika, na mwisho wote wakageuka wakarudi walikotoka.

Mimi nilikuwa na kijana mhandisi, Baraka, mwepesi wa kufikiri na mwepesi zaidi wa kuzungumza. Akasema ni giza. Tukapaka kuta chokaa, ndani kukang'aa kama zahanati. Diwani akaingia, akasimama pale pale. Mimi nikasema ni harufu ya saruji mbichi. Tukamwaga samadi ya zizini kwa Yoeli sakafuni. Diwani akainusa kwa furaha, akasimama pale pale. Yoeli akasema labda ni joka, akaingia mwenyewe na fimbo, akatoka na chura. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua, na nawaambia, ilinikosesha raha lakini pia ilinifurahisha. Miaka yote hiyo kazini na bado kuna kitu sikijui kimesimama mbele yangu kinatafuna.

Wakati sisi tunabishana, dada yake Yoeli, anayeitwa Damari, alikuwa akipitisha mbuzi wake. Walipita mbio, wakatoka upande wa pili, wakarudi, bila shida yoyote. Baraka alikuwa ndani ya kivuko akiongea na simu na kulalamika kwamba haelewani na mwenzake, sauti inajirudia. Nikasikia maneno yale kwa sikio la nyundo. Mbuzi hawana kengele.

Nikamwomba Yoeli anivulie Diwani kengele. Akanitazama.

"Ya nini, mama?"

"Nataka kuwa ng'ombe kidogo."

Akaivua. Nikajivika shingoni, mtumishi wa umma mwenye wajukuu, na vijana wa ujenzi wakageuza nyuso zao upande mwingine kwa adabu ya kulazimisha. Nikaingia kwa mwendo wa ng'ombe, kichwa kikicheza. Nilipofika pale anaposimamaga Diwani, nikasikia kengele nyingine mbele yangu. Nikasimama bila kujua kwamba nimesimama. Nikatikisa tena. Ikaitika kutoka ile ng'ambo, hafifu, nyuma kidogo ya yangu. Ilikuwa yangu mwenyewe ikirudishwa na zege, lakini masikio yalikataa kuamini: kuna kundi linakuja.

Nilitoka nikawaeleza. Baraka akaingia, akasikia, akatoka anatikisa kichwa. Yoeli akaingia naye. Alipotoka alikuwa akicheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Huku kwetu njia ya maji ni nyembamba. Ukisikia kengele inakuja kutoka majini, wewe unayekwenda unasimama. Anayetoka majini anapishwa. Ng'ombe wake wameshiba maji, ukiwabana wanaumia. Mimi nasimamisha, baba yangu alisimamisha. Diwani ameshazoea, hangoji mimi kumwambia."

"Kwa hiyo alikuwa anapisha?"

"Alikuwa na adabu, mama. Anampisha mtu ambaye hafiki."

Nilikaa juu ya jiwe. Tumemtukana mnyama yule juma zima, tumemwita mkaidi na mjinga, kumbe katika watu wote waliokuwa pale yeye ndiye pekee aliyekuwa akifuata sheria za barabarani.

Baraka akaleta ufumbuzi hapo hapo: izibwe kengele kwa nyasi wakati wa kupita. Uso wa Yoeli ukakunjamana. Damari ndiye aliyejibu, maana yeye hasubiri kuombwa.

"Kijana, kengele huzibwa na mwizi. Humu kuna ng'ombe wa Yoeli, kuna wangu, kuna wa majirani wanaomwachia awachunge. Sisi tuko mashambani, tunasikia kengele tunasema, haya, wamepita salama. Siku tukiona kundi linapita kimya, unataka tufikiri nini?"

Baraka akaomba radhi, na ninamsifu kwa hilo, maana wahandisi wengi huomba radhi kwa kueleza upya. Akasema zipo mbao maalumu za kumeza sauti, huagizwa nje. Nikamwuliza lini zitafika. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Treni za majaribio zilikuwa zinakaribia.

Damari akasema kwamba nyumbani kwake kengele hailii hivyo. Wengi wenu mmekulia mijini, kwa hiyo nieleze: tembe ni nyumba ya Kigogo ya paa bapa, kuta zake ni miti na fito zilizokandikwa udongo, na ndama hulala humo humo. Udongo ule una nyufa na vishimo, sauti ikiingia hairudi. Basi Damari na wanawake wenzake wakaja na ndoo, udongo wa kichuguu na samadi, wakakandika zege letu mchana kutwa huku wakiimba na kutusema. Lilipendeza. Baada ya siku chache, jua lilipopiga, udongo wote ukabanduka ukaanguka chini kama ganda la yai. Zege letu lilikuwa laini mno, halikuupa udongo mahali pa kushika. Damari aliudhika, akasema ndiyo maana watu hawaishi ndani ya saruji.

Kutoboa zege ili tupigilie wavu hatukuruhusiwa, na ilikuwa haki, kwa sababu juu yake inapita treni. Hapo Baraka akarudisha heshima yake. Akasema, kama udongo hautaki kushika ukuta wetu, tuujengee ukuta wake. Tusimamishe miti na fito kama za tembe, pembeni mwa zege, bila kuligusa, kisha wakandike hapo. Lakini njia ingepungua upana, na lazima ng'ombe wawili waweze kupishana mle ndani. Akachukua futikamba kwenda kumpima Diwani, pembe hadi pembe. Diwani alimvumilia. Vipimo vikatosha, kwa shida, na tembe ikajengwa chini ya reli ya treni ya kasi, nusu kwa mikono ya mafundi wetu na nusu kwa mikono ya kina Damari.

Mkaguzi mkubwa alipokuja akauliza kile ni nini. Kabla sijafungua mdomo Baraka akasema, "Ukuta wa kumeza sauti, wa malighafi za mahali hapa." Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika akaendelea na safari yake. Jifunzeni na hilo pia.

Diwani akapita. Akapita siku ile, akapita na zilizofuata, na kengele yake mle ndani ikasikika moja. Lakini juu yake hakukuwa bado na treni, na mimi sikuwa bado nimesema neno langu.

Siku ya treni ya kwanza ya majaribio nilikuwa upande wa kaskazini na Yoeli na Baraka. Damari hakuwapo, alikuwa ametangulia kusini kisimani na ng'ombe wa jirani yake. Diwani akaingia na kundi lake, na sisi tukabaki mdomoni tukisikiliza kengele ikienda mbele. Kisha tukasikia treni. Haiji kama ile ya zamani, inayokupa muda wa kufunga mzigo. Ilisikika na papo hapo ikawa juu yetu, ardhi ikatetema, mchanga ukadondoka kwenye magoti yangu, na ikawa imekwisha.

Kengele ilikuwa imenyamaza.

Niliwaona moyoni ng'ombe wakigeuka, wakikanyagana mle gizani. Niliuona uzio umekatwa. Yoeli alitaka kuingia na fimbo, nikamshika mkono, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikutaka kuona. Nilimwambia, "Samahani, baba," na sioni aibu kuiandika hapa.

Kisha kengele ikalia, lakini si yake. Ilikuwa nyembamba zaidi. Kutoka gizani akaja ng'ombe mweupe ambaye simjui, mdomo umelowa maji, na nyuma yake wengine, matumbo yamejaa, wakitembea taratibu. Baada ya wa mwisho akatoka Damari na fimbo yake mabegani.

"Mbona mmesimama hivyo?" alituuliza. "Diwani yuko ndani, amejibanza ukutani na wenzake. Ametupisha."

Nyuma yake, ndani, kengele kubwa ikaanza tena kulia, ikielekea kusini, ikififia kidogo kidogo mpaka tukaisikia nje upande wa pili, kwenye mwanga. Yoeli alivua kofia. Mimi nililia. Baraka alijifanya anaangalia simu. Jioni ile nikasema neno langu, kwamba kivuko kinapitika, na uzio ukafungwa.

Siku hizi nikienda Morogoro kwa mwanangu nakaa dirishani upande wa kusini. Pale mahali tunapita kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji, na hakuna abiria anayejua. Nimejaribu kusikiliza, husikii kitu.

Kwa hiyo, Neema, usibomoe. Ukandikwe kila mwaka kabla ya mvua, na udongo mtaelekezwa na Damari, mumwamkie kwanza. Na mkienda kukagua mkakuta ng'ombe amesimama katikati ya kivuko, masikio mbele, msimswage. Zimeni tochi mkae pembeni. Kuna anayetoka majini.